Bwana Herschel na Nuru Isiyoonekana

Kila nikikaa karibu na jiko usiku, makaa yamekwisha kufunikwa na majivu, nami nasikia joto mkononi ingawa sioni mwanga, humkumbuka Bwana William Herschel.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1738 katika mji wa Hannover, Ujerumani, mwana wa mpiga zumari wa jeshi. Naye alishika kazi ya baba yake mpaka mwaka 1757, alipovuka kwenda Uingereza. Huko aliishia mji wa Bath, akipiga kinanda kanisani na kufundisha muziki. Usiku alitazama nyota. Darubini kubwa zilimshinda bei, basi akajitengenezea mwenyewe kwa kusugua vioo vya madini, na dada yake Caroline akimlisha tonge kinywani huku mikono ya kaka haiachi kusugua. Tarehe 13 Machi 1781 aliiona sayari ya Uranus, na Mfalme George III akampa pauni 200 kwa mwaka.

Wengi humsifu kwa sayari hiyo. Mimi namsifu zaidi kwa jambo la mwaka 1800. (Elimu ya nuru haikuanza kwake, wasomaji, Ibn al-Haytham wa Basra alimtangulia kwa karne nyingi.) Alipokuwa akitazama jua kupitia vioo vya rangi, aliona baadhi yavyo vinapitisha mwanga haba na joto jingi. Akapitisha mwangaza wa jua katika kioo cha pembe tatu, rangi zikatandazika mezani, akaweka vipimajoto. Zambarau ilipandisha digrii 2 za Farenhaiti, kijani zaidi ya 3, nyekundu karibu 7. Kisha akasogeza kipimajoto nje ya nyekundu, palipo giza. Kikapanda zaidi!

Kwanza alidhani kwamba joto lile ni nuru ambayo jicho haliioni. Lakini mwaka ule ule, baada ya vipimo vingi, aligeuka akashikilia kuwa joto na nuru ni vitu mbalimbali. Dhana ya kwanza ndiyo iliyokuwa kweli, naye alifariki tarehe 25 Agosti 1822 bila kuirudia.

Katika giza lile lile, mbali zaidi, liko eneo liitwalo terahatsi. Mwaka 2002 wataalamu walitengeneza leza ya semikondakta itoayo nuru ya huko, na baadaye zikapatikana zitoazo rangi nyingi kwa pamoja, zote zisizoonekana. Ile ya kwanza haikufanya kazi ila katika baridi kali mno.