Mwana wa mhunzi aliyefichua mizizi ya milima

ANDRIJA Mohorovičić alizaliwa Januari 23, 1857, katika kijiji cha Volosko, pwani ya Kroatia, wakati eneo hilo lilipokuwa chini ya utawala wa Austria. Babake alikuwa mhunzi wa nanga za meli. Mamaye aliaga dunia punde tu baada ya kumzaa.

Alisomea hisabati na fizikia mjini Prague, kisha akafundisha katika shule ya mabaharia ya Bakar. Hapo ndipo alipoanza kuchunguza mawingu, na mnamo 1892 akakabidhiwa kituo cha hali ya hewa cha Zagreb. Hata shahada yake ya uzamifu aliipata kwa kazi ya mawingu. Ni ajabu basi kwamba sifa zake zilitoka chini ya ardhi.

Oktoba 8, 1909, tetemeko lilikumba bonde la mto Kupa, kusini mwa Zagreb. Mohorovičić alikuwa tayari amejipatia saismografu za kisasa. Aliomba michoro ya vituo vingine vya Ulaya, akailinganisha kwa subira, na kubaini kuwa katika baadhi ya vituo mawimbi ya aina ile ile yalifika mara mbili.

Alitambua kwamba wimbi moja lilipita juu juu, na jingine lilizama hadi kwenye miamba mizito, likaenda kasi zaidi na kulipiku la kwanza katika vituo vya mbali. Ni sawa na dereva anayezunguka kwa barabara kuu na kumtangulia aliyekata njia fupi yenye mashimo. Mpaka wa miamba hiyo aliukadiria kuwa kilomita 54 chini.

Jina lake likiwa gumu kutamka, wanasayansi walilifupisha, na mpaka huo ukaitwa Moho.

Baadaye ilibainika kwamba Moho huzama zaidi chini ya milima. Chini ya bahari, ganda la dunia lina unene wa takriban kilomita saba. Chini ya Himalaya na Tibet, ambako bamba la India linajisukuma chini ya Asia, linafikia kilomita 70 au zaidi. Hapa Kenya, watafiti waliotumia mawimbi ya baruti katika Bonde la Ufa walipata kilomita 35 hivi upande wa Naivasha, na 20 tu chini ya Ziwa Turkana.

Mohorovičić hakuyaona hayo. Nadharia ya mabamba ilikubalika miaka ya 1960, ilhali yeye alifariki Zagreb Desemba 18, 1936.