Acharya Jagadish Chandra Bose: Aliyeijengea Elimu Mandir

Mtu apigapo simu ya mkononi, sauti yake hugeuzwa kuwa mawimbi ya sumakuumeme, yakapita hewani na kuta bila kuonekana. Miongoni mwa waliofungua njia hiyo ni Acharya Jagadish Chandra Bose.

Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1858 huko Bengal, upande ambao leo ni Bangladesh. Baba yake, ijapokuwa alikuwa ofisa wa serikali, alimpeleka shule ya Kibengali, akaketi pamoja na watoto wa Kiislamu na wa wavuvi. Baada ya masomo ya Kolkata na Cambridge, mwaka 1885 aliajiriwa Presidency College kufundisha fizikia. Wakati huo mwalimu Mhindi alilipwa pungufu ya Mzungu. Bose alifundisha miaka 3 bila kugusa mshahara, hata wakubwa wakamlipa haki yake yote pamoja na malimbikizo.

Mjerumani Heinrich Hertz alikwisha kuthibitisha kwamba cheche ya umeme hutoa mawimbi yaendayo kwa kasi ya mwanga. Bose, katika chumba kidogo na kwa msaada wa fundi bati, aliyafupisha mawimbi hayo hadi milimita 5 hivi. Kufikia mwaka 1895 aliwaonyesha watu wa Kolkata ajabu: mawimbi yalipenya kuta na mwili wa Luteni Gavana, yakapiga kengele na kuwasha baruti mbali, pasipo waya.

Mwaka 1901, akiwa London, tajiri wa kampuni ya simu za upepo alimletea hati ya kusajili uvumbuzi wake ili wagawane faida. Alikataa. Rafiki zake walisajili chombo kimoja Marekani, hati ikatolewa mwaka 1904, naye hakuitafutia fedha. Kwetu sisi wafanyabiashara uamuzi huo ni mzito kuuelewa, kwani mali ilikwisha kufika mlangoni. Lakini yeye aliona elimu ni amana ya watu wote.

Mwaka 1917 alifungua taasisi ya utafiti mjini Kolkata, akaiita Mandir. Humo alichunguza pia uhai wa mimea. Alifariki tarehe 23 Novemba 1937.

Leo mawimbi ya milimita yanatumika katika mitambo ya simu ya 5G. Nasi tunapoadhimisha mandir yetu, tukumbuke kwamba kufundisha bila choyo nako ni seva.