Magill na Pumzi za Majeruhi

Ivan Magill alizaliwa Larne, Ireland, mwaka 1888. Katika Vita Kuu ya Kwanza alikuwa daktari wa jeshi la Uingereza, na mwaka 1919 akapelekwa hospitali ya Sidcup, walikolazwa askari waliovunjwa taya na nyuso kwa risasi na mizinga. Vita vimekwisha, wao bado. Shida ilikuwa hii: kifuniko cha nusukaputi kilikaa juu ya jeraha lile lile alilotaka kulishona mpasuaji Harold Gillies, na damu iliweza kuteremkia mapafuni. Magill na mwenzake Stanley Rowbotham wakapitisha mpira puani au kinywani hadi ndani ya bomba la pumzi. Majeruhi akavuta hewa na dawa, uso ukabaki wazi. Koleo lake lililopinda, la mwaka 1920, lingali linatumika. Alifariki mwaka 1986, mwenye umri wa miaka 98.