Alexander Stephens: mtu mmoja, sababu mbili za vita

Mpaka leo Wamarekani wanabishana: vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, toka 1861 hadi 1865, vilipiganwa juu ya nini? Wengine wanasema juu ya utumwa. Wengine wanakataa, wanasema ilikuwa juu ya haki za majimbo mbele ya serikali kuu. Kiongozi mmoja wa Kusini alitoa majibu yote mawili, kila moja kwa wakati wake.

Alexander Stephens alizaliwa mwaka wa 1812 karibu na Crawfordville, jimbo la Georgia. Alibaki yatima angali kijana. Alikuwa mtu wa kuuguaugua, mwembamba sana, hata ukubwani hakufikisha kilo 50. Lakini mdomo alikuwa nao. Akawa avoka, kiisha mbunge huko Washington, ambako alijuana na Abraham Lincoln. Walikuwa chama kimoja, wakapinga pamoja vita vya Mexico. Ila Stephens alikuwa na watumwa, zaidi ya 30.

Lincoln alipochaguliwa rais mwishoni mwa 1860, majimbo ya Kusini yakataka kujitenga. Stephens alisimama mbele ya wabunge wa Georgia kuwaomba wasifanye hivyo, jambo ambalo watu wengi wanalisahau. Hata kura yake ilikuwa ya hapana. Kisha Georgia ikajitenga, naye akafuata wenzake, na mwezi wa pili 1861 akawa makamu wa Jefferson Davis, rais wa Kusini.

Kunako tarehe 21 mwezi wa tatu, mjini Savannah, alieleza raia katiba yao mpya. Hakuficha kitu. Alisema utumwa ndio ulioleta mpasuko, na kwamba jiwe la msingi la serikali yao ni imani kuwa mtu mweusi hayuko sawa na mzungu. Katiba yenyewe ilikataza bunge kugusa haki ya kumiliki watumwa. Wiki tatu hivi baadaye mizinga ikalia kwenye ngome ya Fort Sumter.

Vita viliua watu zaidi ya 600,000. Katikati ya vita Stephens aligombana vikali na Davis juu ya vijana kuingizwa jeshini kwa lazima. Aliona hapo majimbo yananyang'anywa haki zao. Basi hoja ya haki za majimbo hakuitunga yote baadaye. Aliiamini.

Kusini iliposhindwa, alikamatwa nyumbani kwake, akafungwa karibu miezi mitano katika ngome ya Fort Warren, Boston. Humo gerezani akaanza kuandika kwamba magazeti hayakuyatoa sawasawa maneno yake ya Savannah. Halafu, mwaka wa 1868 na 1870, akatoa kitabu kikubwa cha sehemu mbili. Safari hii vita vilikuwa ugomvi wa katiba, na utumwa ni jambo tu ambalo pande mbili ziligonganiana juu yake.

Ni rahisi kuona kwa nini alibadilisha. Utumwa ulikuwa umefutwa, na watu karibu milioni nne waliokuwa watumwa sasa walikuwa huru. Nani angesimama tena kujisifu juu ya jiwe lile la msingi?

Stephens alirudi bungeni mwaka wa 1873, akachaguliwa gavana wa Georgia mwaka wa 1882, akafariki tarehe 4 mwezi wa tatu 1883 angali kazini. Hoja za kitabu chake ziliendelea kufundishwa mashuleni huko Kusini kwa miaka mingi.