Mjerumani aliyefuata nyasi za Serengeti kwa ndege ya milia

Kila mwaka ikifika Julai, simu yako hujaa video za nyumbu wakivuka Mto Mara. Uko zako West Indies hapa Eldoret, unaona mamba akinyakua mmoja, unasema woi, halafu unaendelea na video nyingine. Lakini hebu jiulize: kwa nini wanyama hao wajihatarishe hivyo kila mwaka? Kuna mtu aliyelitafuta jibu hilo akiwa angani, na kazi hiyo ikamgharimu mtoto wake.

Bernhard Grzimek alizaliwa mwaka 1909 katika mji wa Neisse, ambao leo uko Poland. Alisomea udaktari wa mifugo. Mwaka 1945, Frankfurt ikiwa magofu baada ya vita, alikabidhiwa bustani ya wanyama ya jiji hilo, akaifufua na kuiongoza hadi 1974. Kuanzia 1956, kipindi chake cha wanyama kwenye runinga kilimfanya ajulikane karibu kila nyumba Ujerumani.

Mwishoni mwa 1957, yeye na mwanawe Michael waliruka hadi Tanganyika kwa ndege ndogo waliyoipaka milia kama punda milia. Serikali ya kikoloni ilitaka kubadilisha mipaka ya mbuga ya Serengeti, ilhali hakukuwa na hesabu ya kuaminika ya wanyama wala ramani ya njia zao. Baba na mwana walihesabu wanyama zaidi ya 366,000. Wakachunguza pia nyasi, na wakaona kwamba makundi hufuata malisho bora, hata yakiwa nje ya mipaka iliyopangwa.

Sasa hapo ndipo ekolojia inapoingia. Nyasi hunasa nishati ya jua. Nyumbu hula nyasi, simba hula nyumbu. Lakini kila hatua sehemu kubwa ya nishati hupotea kama joto mnyama akitembea na kupumua. Kwa kawaida ni kama asilimia 10 tu inayofika hatua inayofuata, ndiyo maana nyumbu ni wengi na simba wachache. Hata kwako ni hivyo hivyo: mahindi ya Uasin Gishu ukiyala kama ugali, unapata nishati nyingi kuliko yakilishwa ng'ombe kwanza, halafu wewe ule nyama. Virutubisho navyo hurudi udongoni kupitia kinyesi na mizoga inayooza. Nishati hairudi. Lazima jua liilete upya kila siku, na nyasi ziwepo kuipokea.

Januari 10, 1959, Michael alikuwa akiruka peke yake ndege ilipogongana na tai, ikaanguka. Alikuwa na miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Filamu waliyoitengeneza pamoja ilishinda tuzo ya Oscar mwaka 1960, na baba akaipokea sifa bila mwana.

Lakini kuna upande mwingine. Grzimek aliamini mbuga isiwe na watu wanaoishi ndani. Mwaka huo huo wa 1959, Wamaasai walilazimika kuhama Serengeti kwenda Ngorongoro. Na unajua kilichowaokoa nyumbu ni nini? Ni chanjo ya ng'ombe! Mifugo ya wafugaji ilipochanjwa dhidi ya sotoka, ugonjwa huo ulitoweka kwa nyumbu pia kufikia 1963. Kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakazidi milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyasi zilizokuwa zikiteketea kwa moto sasa zikaliwa, moto ukapungua, miti ikarudi, na simba nao wakaongezeka. Kumbe afya ya ng'ombe wa mfugaji na ya nyumbu wa porini ni kitu kimoja.

Grzimek alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakazikwa kando ya Michael. Kazi yake inatufunza kuanza hesabu na nyasi. Yaliyotokea baada yake yanatufunza tusimsahau binadamu kwenye hesabu hiyo. Kwa hivyo ukipita kando ya Sosiani ukaona majani yamefunikwa na takataka, usidhani ni uchafu tu. Jani lisiloona jua halilishi panzi, na ndege anayekula panzi atalala njaa.