Flinders, nahodha aliyezuiliwa kwa hati ya chombo kingine

Mfanyabiashara aliyewahi kuharibikiwa na lori njiani akahamishia mzigo kwenye jingine anaijua hofu ya kufika mpakani huku hati zikitaja namba za gari lililobaki nyuma. Ukimpata ofisa mwelewa, unapita. Ukimpata aliyeamka vibaya, unalala hapo. Mwingereza Matthew Flinders yalimpata hayo mwezi Desemba 1803 katika Bahari yetu ya Hindi, akalala hapo miaka sita na nusu.

Flinders alizaliwa tarehe 16 Machi 1774 katika mji mdogo wa Donington, mashariki mwa Uingereza. Baba yake alikuwa tabibu na alitaka mwanawe amrithi kazi. Kijana alisoma hadithi ya Robinson Crusoe, akili ikahamia baharini, na mwaka 1789 akaingia jeshi la majini. Alisafiri na nahodha Bligh kupeleka miche ya mishelisheli kutoka Tahiti hadi visiwa vya Karibi. Kisha akaenda Australia, ambako yeye na rafiki yake George Bass walizunguka Tasmania na kuthibitisha kuwa ni kisiwa.

Aprili 1801 alimwoa Ann Chappelle. Alipanga kusafiri naye, wakubwa wake wakakataa. Mwezi Julai akang'oa nanga peke yake akiwa na meli Investigator, kazi yake ikiwa kupima pwani nzima ya Australia. Bibi arusi alibaki nyumbani, na hakuna kati yao aliyejua kwamba wangeonana tena baada ya miaka tisa.

Katika safari hiyo dira ilianza kumsumbua. Kazi ya kuchora ramani ilitaka apime uelekeo wa kilima au rasi mara nyingi kwa siku, na aliona hesabu hazilingani. Kilima kilekile, mahali palepale, kilisomeka tofauti meli ilipogeuza uso. William Wales, mtaalamu wa nyota aliyesafiri na nahodha Cook, alikuwa ameliona jambo hilo kabla yake. Wengi waliona kosa la namna hiyo wakalaumu dira mbovu au mkono wa mpimaji. Flinders alikuwa mtu wa daftari. Aliandika kila kipimo pamoja na upande ambao omo ya meli ilielekea, na taratibu mpangilio ukajitokeza.

Omo ikielekea kaskazini au kusini, kosa lilikaribia sifuri. Ikielekea mashariki au magharibi, kosa lilifika kileleni. Halafu likaja la ajabu zaidi: upande wa kaskazini wa dunia, ile ncha ya sindano inayotazama kaskazini ilivutwa kuelekea omo, lakini upande wa kusini ilisukumwa mbali nayo. Katikati, pale ambapo sindano ya sumaku iliyoning'inizwa hulala sawa bila kuinamia upande wowote, kosa lilipungua hadi kutoweka. Mstari huo wa katikati siku hizi unapita Ethiopia, kwa hiyo Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam zote ziko upande wa kusini wake.

Mwenye kosa alikuwa chuma cha meli yenyewe. Mizinga, nanga na nondo havikuwa sumaku vilipopakiwa, lakini chuma laini kikiwa ndani ya nguvu ya sumaku ya dunia huazima sumaku hiyo. Nguvu ya dunia huinamia ardhini upande wa kaskazini na huinuka kutoka ardhini upande wa kusini, hivyo kichwa cha nondo iliyosimama wima hupata tabia moja huku na tabia ya kinyume kule. Dira ya Investigator ilikaa nyuma ya sehemu kubwa ya chuma, ndiyo maana mvuto ulitoka mbele.

Msomaji anaweza kuona jambo hilo bila meli. Fungua dira ya simu ukiwa uwanjani, kisha isogeze karibu na mlango wa kontena. Sasa fikiria kosa la nyuzi nne tu: ukisafiri kilomita 100 utakuwa umekengeuka karibu kilomita saba. Usiku, penye miamba, kosa hilo linatosha kupoteza shehena na watu.

Flinders alimaliza kuizunguka Australia mwaka 1803 meli yake ikiwa imeoza kiasi cha kuachwa bandarini Sydney. Alipanda meli nyingine kama abiria ili arudi kwao, nayo ikapanda mwamba mwezi Agosti. Akarudi Sydney kwa mashua ya wazi, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, akaomba msaada na kuwaokoa wenzake. Kisha akapewa kijahazi cha tani 29, Cumberland, aende nacho Uingereza. Kilivuja mfululizo na pampu hazikupumzika. Ikabidi aingie Isle de France, kisiwa tunachokiita leo Mauritius, wakati huo koloni la Ufaransa lililonunua watu kutoka Msumbiji na Kilwa kuwafanyisha kazi ya utumwa mashambani.

Hakujua kwamba Uingereza na Ufaransa zilikuwa zimerudi vitani. Alitegemea pasi aliyopewa na serikali ya Ufaransa kwa ajili ya safari ya kitaalamu. Gavana, Jenerali Decaen, aliisoma na kuona inataja Investigator. Mbele yake kulikuwa na kijahazi kidogo kinachoitwa Cumberland, na mtu anayedai ametoka nacho Australia. Zaidi ya hapo, Flinders alikuwa amebeba barua za gavana wa Kiingereza wa Sydney, zenye mambo ya kijeshi. Wale wanaokubali kubeba bahasha ya mtu bila kuuliza kilichomo watamwelewa.

Hata hivyo, kwa maoni yangu shauri lingeweza kumalizika mapema. Decaen alimwalika chakula, na Flinders, aliyeudhika kwa kutiliwa shaka, akakataa kwenda. Jenerali akaona amedharauliwa. Alikuwa na sheria upande wake kwa sehemu, na hasira ikamjazia zilizobaki. Mwaka 1806 Napoleon mwenyewe aliidhinisha mfungwa aachiwe, lakini Decaen alishikilia kwamba sasa anaijua mno hali ya ulinzi wa kisiwa.

Wafaransa wa kawaida walimtendea vizuri. Familia ya D'Arifat ilimpa makazi shambani kwao Wilhems Plains, akajifunza Kifaransa na kuchora ramani zake upya. Paka wake Trim, aliyezunguka naye Australia, alipotelea kisiwani na hakuonekana tena. Na katika kifungo hicho aliandika matokeo yake kuhusu dira, yakavuka bahari na kusomwa mbele ya Royal Society ya London mwaka 1805.

Aliachiwa Juni 1810, daftari lake la tatu la safari likibaki mikononi mwa Decaen. Miezi sita baadaye Waingereza wakakiteka kisiwa. Alifika kwao Oktoba, nywele zimeingia mvi, akamkuta Ann akimngojea. Cheo alipewa, lakini kikahesabiwa kuanzia Mei 1810 tu, na miaka ya kifungo haikuingia.

Mwaka 1812 wakuu wa jeshi la majini walimruhusu afanye majaribio katika bandari za Sheerness na Portsmouth. Alizungusha meli zikiwa zimetia nanga, omo ikielekezwa kila upande kwa zamu, na kila mara akapima uelekeo wa alama moja isiyosogea nchi kavu. Tofauti iliyoonekana ndiyo kosa la dira. Manahodha wanazungusha meli hivyo mpaka leo na kubandika karatasi ya marekebisho karibu na usukani.

Tiba aliyopendekeza ilikuwa kusimamisha nondo ya chuma laini karibu na dira, upande usio na chuma kingi cha meli. Kumbuka kuwa dira haiwezi kufungiwa ndani ya kasha nene la chuma laini. Kasha hilo hupitisha nguvu ya sumaku kwenye kuta zake na kuizuia isiingie ndani, ndiyo maana vyombo nyeti vya maabara hukingwa hivyo, lakini kwa dira lingezuia hata nguvu ya dunia ambayo sindano inaitafuta. Nondo hufanya jambo tofauti. Huazima sumaku kama mizinga inavyoazima, kwa hiyo meli ikivuka kutoka kaskazini kwenda kusini, kosa na dawa yake hugeuka pamoja. Meli za chuma tupu zilipotawala bahari, Lord Kelvin aliiweka nondo hiyo katika dira yake, na inaitwa nondo ya Flinders.

Mgonjwa wa figo, alimaliza kitabu cha safari zake akiwa kitandani. Kilitoka tarehe 18 Julai 1814. Siku iliyofuata akafa, umri miaka 40, akimwacha Ann na binti wa miaka miwili. Ann aliomba nyongeza ya pensheni, akanyimwa. Makoloni mawili ya Australia yalipotenga pauni 100 kila moja kwa mwaka, alikuwa ameshakufa. Fedha zikaenda kwa binti, aliyezitumia kumsomesha mwanawe, Flinders Petrie, mchimbuaji mashuhuri wa mambo ya kale ya Misri.

Kaburi la nahodha lilipotea chini ya upanuzi wa stesheni ya Euston, London. Wachimbaji wa reli mpya walilipata Januari 2019, wakalitambua kwa bamba la risasi lenye jina lake juu ya jeneza. Alizikwa upya Donington mwezi Julai 2024.