Daktari Trowell na Watoto wa Nywele Nyekundu

Chama chetu kilipotutaka kila mmoja aandike habari za mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki, wenzangu walikimbilia wanasiasa na wanariadha. Mimi nilimchagua daktari mmoja Mwingereza. Aliyenisababishia hayo ni shangazi yangu, ambaye ni muuguzi.

Siku moja ya likizo nilimpelekea chakula kazini, wodi ya watoto, hapa hapa Rongo. Nilimkuta na mtoto wa miaka miwili hivi. Nywele zilikuwa nyepesi, nyekundu-nyekundu, na ngozi ya mapaja ilibambuka kama rangi ya ukuta wa zamani. Uso ulijaa, ukimtazama haraka utasema amenona. Shangazi aliubonyeza mguu kwa kidole gumba, akaachia, shimo likabaki. Mamake aliketi kando ameinamisha kichwa. Kijijini walikuwa wamemwambia ati ni chira, kwamba yeye au mumewe amevunja mwiko. Nilinyamaza, maana hata nyanya yangu angesema vivyo hivyo. Ulikuwa unyafuzi, ama kwashiakoo kama wengi tuijuavyo.

Basi Hugh Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904, akasomea udaktari London, na mwaka 1929 akaja Kenya kuwa daktari wa serikali ya kikoloni. Ni huku Kenya alikoanza kuwaona watoto wa namna hii, wakimfia mikononi. Mwaka 1935 alihamia Uganda, hospitali ya Mulago, huku akifundisha Makerere. (Mkewe, Margaret, ndiye aliyeanzisha shule ya sanaa pale Makerere. Sijui nyumba hiyo walipumzika saa ngapi!)

Trowell alishikilia kwamba ugonjwa huu ni pelagra, ule unaoletwa na ukosefu wa vitamini kwa wanaokula mahindi matupu. Mwaka 1937 aliandika hivyo katika jarida la madaktari. Kumbe daktari mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alikuwa ameshaueleza ugonjwa huo mwaka 1933. Mwaka 1935 akautaja kwa jina la akina mama wa Accra, kwa lugha yao ya Ga: kwashiorkor, yaani maradhi yanayompata mtoto mdogo wake anapozaliwa. Mtoto huachishwa titi ghafla, akabaki na uji wa mahindi. Akina mama walilijua jambo hilo kabla ya wasomi. Trowell naye aliendelea kutoa vitamini za pelagra, na watoto wakaendelea kufa.

Hapa ndipo ninapompendea. Mwaka 1945 alitoa makala pamoja na Dkt. Muwazi, Mganda, na katika kichwa cha makala hiyo wakaliweka lile neno la Accra. Miaka minane tu baada ya kuandika pelagra kwa jina lake mwenyewe! Ni wangapi kati yetu hukubali kosa la hesabu ubaoni, sembuse kosa kama hilo mbele ya madaktari wa dunia nzima? Mwaka 1954 yeye, Davies na Dean walitoa kitabu kizima juu ya ugonjwa huo. Pale Kampala dawa ikawa ni chakula chenyewe, hasa maziwa ya unga yaliyoondolewa mafuta, na vifo vikapungua.

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Lakini mgonjwa huyu uji mtupu ndio uliomleta wodini, na hamu ya kula hana. Shangazi alinieleza kwamba siku za kwanza hupewa maziwa maalum, F-75, yenye kalori 75 kwa mililita 100, kidogo kidogo kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Hunyweshwa kwa kikombe. Akishindwa, kwa mpira puani. Madini ya chuma hapewi mwanzoni, na drip hawekewi ovyo, kwani moyo wake ni dhaifu. Hufunikwa hadi kichwani, maana alfajiri baridi au kushuka kwa sukari huweza kummaliza, saa ile muuguzi mwenyewe anasinzia. Hamu ikirudi ndipo hupewa F-100. Enzi za Trowell lawama yote iliwekewa upungufu wa protini. Leo wataalamu bado wanajadili chanzo.

Trowell aliondoka Uganda mwaka 1958, akawa kasisi wa Kianglikana kwao. Baadaye, pamoja na Denis Burkitt, alishughulikia faida ya nyuzinyuzi katika chakula. Alifariki mwaka 1989.

Yule mtoto wa wodini uvimbe ulipoisha, uzito ulipungua, akabaki mifupa, mamake akashtuka akidhani anamfia. Shangazi alikaa naye muda mrefu akimweleza kwamba ni maji tu yametoka. Siku chache baadaye mtoto akacheka, na wauguzi wote wakaja kumtazama. Mama aliporudi nyumbani alikuwa amefundishwa kusaga omena na kuitia kwenye uji.

Nami nilipomweleza nyanya maana ya jina lile la Accra, alinyamaza kitambo. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole watoto wa enzi zake waliofuatwa upesi na wadogo zao.